Kufundisha Utajiri wa Taifa na Unyayo wa Ikolojia: Mwongozo Kamili kwa Walimu wa Sekondari

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kueleza bila kusita kwamba Tanzania iliingia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini mwezi Julai 2020, na katika mtihani huohuo akaandika kwamba mazingira ya dunia yanaharibiwa na wanaokata kuni vijijini. Kauli hizo mbili hukaa katika kichwa kimoja bila kugongana kwa sababu tunazifundisha mahali tofauti: pato la taifa linafundishwa katika uchumi na uraia, mazingira yanafundishwa katika jiografia, na mwanafunzi haombwi kamwe kuyaweka mambo hayo kwenye meza moja. Mwongozo huu unayaweka pamoja. Lengo lake ni kumfikisha mwanafunzi mahali ambapo akipewa namba mbili za nchi yoyote, yaani kipato cha wastani cha mtu mmoja na eneo la ardhi na bahari linalohitajika kukidhi matumizi yake, ataweza kueleza kwa hoja kwa nini nchi mbili zenye utajiri unaokaribiana zinailemea dunia kwa viwango tofauti sana.

Mpango huu unatosha vipindi sita vya dakika 40, au saba ikiwa hatua ya pili itapewa vipindi viwili, na unafaa kuanzia kidato cha pili hadi cha nne. Hauhitaji kompyuta wala intaneti. Vinavyohitajika ni chaki, karatasi za manila, kalamu za rangi, rula, kamba ndefu, punje 98 za mahindi na uwanja wa shule.

Maarifa ambayo mwalimu awe nayo kabla ya kipindi cha kwanza

Pato la Taifa ni jumla ya thamani ya bidhaa na huduma zinazozalishwa ndani ya mipaka ya nchi kwa mwaka. Ukigawanya jumla hiyo kwa idadi ya watu unapata wastani wa mtu mmoja, na wastani huo ndio unaotumika magazetini kusema nchi hii ni tajiri na ile ni maskini. Simon Kuznets, mwanauchumi aliyeongoza kazi ya kukadiria pato la Marekani, alilionya Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kupimwa kwa kipimo cha aina hii peke yake. Onyo hilo ni jema kusomwa darasani, kwa sababu linatoka kwa mtu aliyekijenga kipimo chenyewe.

Mifano ya udhaifu wake iko karibu nasi. Mwezi Septemba 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake na kuongeza shughuli ambazo awali hazikuhesabiwa ipasavyo. Pato la taifa likapanda kwa takriban robo, ingawa hakuna gunia moja la mahindi lililokuwa limeongezeka ghalani. Msitu wa Karura jijini Nairobi, ambao Wangari Maathai na wenzake waliutetea mwaka 1999 usigawiwe wajenzi, ungeingiza fedha nyingi katika pato la taifa kama ungefyekwa na kujengwa nyumba. Ukiwa umesimama, sehemu kubwa ya kazi yake ya kusafisha hewa na kuhifadhi maji haiandikwi popote katika hesabu hizo.

Hapo ndipo mwanafunzi anapopaswa kutenganisha pato na utajiri. Pato ni kile kinachoingia kwa mwaka. Utajiri ni akiba inayokiingiza. Mfugaji anayeuza ng'ombe watano kila mwaka ana fedha mkononi, na jirani yake anaweza kumwona amefanikiwa, lakini ikiwa zizini wanazaliwa ndama wawili tu, fedha hizo ni utajiri unaoyeyuka. Benki ya Dunia nayo hukadiria utajiri wa mataifa kwa namna hii, ikijumlisha majengo na mitambo, maliasili kama ardhi, misitu na madini, elimu na nguvu kazi ya watu, pamoja na mali ya nchi iliyoko nje baada ya kutoa madeni. Mfano wa zizi unatosha kwa somo zima, na unaweza kuurudia kila dhana mpya inapotokea.

Unyayo wa ikolojia ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Unauliza swali moja: ili watu hawa waishi kama wanavyoishi, wanahitaji eneo gani la ardhi na maji lenye rutuba? Hesabu yake ina mafungu sita, ambayo ni mashamba ya mazao, malisho, misitu inayotoa mbao na kuni, maeneo ya uvuvi, ardhi iliyojengwa, na msitu ambao ungehitajika kufyonza hewa ya ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Fungu hili la mwisho peke yake ni takriban asilimia 60 ya unyayo wa dunia nzima. Kipimo ni hekta ya kidunia, yaani hekta yenye uzalishaji wa wastani wa dunia, ili ekari ya Kitale na ekari ya nyika kavu zisihesabiwe kuwa sawa. Upande wa pili wa hesabu ni uwezo wa ardhi na bahari kuzalisha na kujirejesha. Kwa dunia nzima uwezo huo ni takriban hekta 1.5 kwa kila mtu, na matumizi ni takriban hekta 2.6.

Jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami ningeomba mwalimu alikalie, ni kwamba unyayo unaozungumzwa ni wa mlaji, si wa mzalishaji. Hesabu huanza na kinachozalishwa nchini, inaongeza kinachoingizwa kutoka nje, kisha inatoa kinachouzwa nje. Minofu ya sangara inayosindikwa Mwanza na kuliwa Ulaya inaandikwa kwa mlaji wa Ulaya. Waridi lililokuzwa kando ya Ziwa Naivasha na kupelekwa Uholanzi halimo katika unyayo wa Mkenya. Mafuta ya Norway yanaandikwa kwa yule anayeyachoma. Mwanafunzi akilishika hili, nusu ya somo imekwisha kueleweka. Asipolishika, atachanganya kila grafu itakayofuata.

Hatua ya kwanza: kuipima hekta kwa miguu

Neno hekta halina uzito wowote kwa mtoto aliyezoea kusikia ekari. Kwa hiyo kipindi cha kwanza kifanyike uwanjani. Hekta moja ni mraba wa mita 100 kwa mita 100, sawa na karibu ekari mbili na nusu. Uwanja kamili wa mpira wenye mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140, yaani pungufu kidogo ya robo tatu za hekta. Uwanja wa shule ukiwa mdogo zaidi, wanafunzi waupime kwa kamba na wafanye hesabu yao wenyewe.

Wakishatembea kuuzunguka, wape namba. Fungu la kila binadamu, kama uwezo wa dunia ungegawanywa sawasawa, ni takriban viwanja viwili vya mpira. Mtanzania wa wastani anatumia pungufu ya viwanja viwili. Mmarekani wa wastani anatumia zaidi ya viwanja kumi. Waache wasimame pembeni ya uwanja na kuwaza viwanja kumi vikiwa vimepangwa mfululizo, kisha waulize: je, mtu mmoja anavijazaje? Usitoe jibu siku hiyo. Waandike makisio yao kwenye daftari, kwa sababu watayarudia katika hatua ya nne.

Hatua ya pili: dunia ya wanafunzi 50

Hiki ndicho kipindi muhimu kuliko vyote, na kinastahili vipindi viwili mfululizo kama ratiba inaruhusu. Chukua wanafunzi 50 wawe dunia nzima. Kila mmoja anasimama badala ya watu takriban milioni 160. Darasa likiwa na wanafunzi 80, waliobaki wawe makarani na wasimamizi wa hesabu, kazi ambayo ni ya lazima na isichukuliwe kuwa ya ziada. Wagawe hivi: Asia 30, Afrika 9, Ulaya 5, Amerika ya Kusini na ya Kati pamoja na Karibi 4, Marekani na Kanada 2. Australia na visiwa vya Pasifiki wana watu wachache mno, hata hawafikii mwanafunzi mmoja katika kipimo hiki, kwa hiyo wanaachwa nje ya mchezo.

Gawa punje za mahindi kwa kufuata mgawanyo wa pato la dunia, namba zikiwa za makadirio: Asia punje 38, Marekani na Kanada 28, Ulaya 23, Amerika ya Kusini na ya Kati 6, Afrika 3. Kila kundi ligawane punje zake. Wanafunzi wawili wa Marekani na Kanada watakuwa na punje 14 kila mmoja, na tisa wa Afrika watalazimika kugawana punje tatu. Hapo darasa huwa na kelele. Iache kelele iwepo kwa dakika chache, kwa kuwa ni kelele ya kufikiri.

Sasa bandika ubaoni karatasi ya manila yenye miraba 75, safu tano za miraba 15. Hiyo ndiyo dunia: hekta 1.5 kwa kila mmoja wa wanafunzi 50. Kila kundi lina matumizi yake, nayo yamekadiriwa kwa kuzidisha unyayo wa wastani wa eneo hilo kwa idadi ya wanafunzi: Marekani na Kanada miraba 15, Ulaya 23, Asia 72, Amerika ya Kusini na ya Kati 10, Afrika 12. Waite makundi kwa kufuata wingi wa punje alizonazo kila mwanafunzi, kwa sababu sokoni mwenye fedha hununua kwanza. Marekani na Kanada watapaka rangi miraba 15, Ulaya 23, na tayari nusu ya dunia imekwisha kabla hata ya mwanafunzi wa nane kusimama. Amerika ya Kusini na ya Kati watachukua 10. Asia wataanza kupaka yao 72 na kukuta imebaki 27. Afrika watafika na kukuta karatasi imejaa.

Mwanafunzi mmoja atauliza ni wapi sasa apake rangi. Swali hilo likija, bandika karatasi ya pili yenye miraba 57 na uiandike juu yake AKIBA. Jumla ya mahitaji ni 132, dunia ina 75, na tofauti lazima itoke mahali. Inatoka katika akiba ya samaki waliopaswa kuzaliana, katika miti iliyokatwa kabla ya kukomaa, na zaidi ya yote katika anga, ambako hewa ya ukaa inarundikana kwa sababu hakuna msitu wa kutosha kuifyonza. Hili ndilo zizi la mfugaji.

Jiandae kwa kosa moja. Wanafunzi wengi watanyooshea Asia kidole, kwa kuwa 72 ndiyo namba kubwa kuliko zote. Waambie wagawanye kwa 30, watapata 2.4, ambayo ni chini ya wastani wa dunia. Kisha uwakumbushe kwamba ndani ya Asia wamo watu wa Qatar na watu wa Bangladesh, ambao maisha yao hayafanani hata kidogo, na kwamba wastani wowote unaficha watu.

Kabla hawajakaa, waulize jambo la mwisho. Kwa punje, mwanafunzi wa Marekani amemzidi wa Afrika zaidi ya mara arobaini. Kwa miraba amemzidi takriban mara sita tu. Kwa nini tofauti ya pili ni ndogo? Jibu ni kwamba kila binadamu, awe na fedha au asiwe nazo, lazima ale, na chakula kinahitaji shamba. Unyayo wa maskini karibu wote ni chakula na kuni. Unyayo wa tajiri unaanzia hapo na kuongezewa mafuta, umeme na bidhaa. Swali hili liwasukume wafikiri kwa muda mrefu, hata kama kengele imekaribia.

Hatua ya tatu: grafu ya nchi kumi

Andika ubaoni namba zifuatazo. Namba ya kwanza ni wastani wa pato kwa mtu mmoja kwa dola za Marekani kwa viwango vya karibu mwaka 2022, na ya pili ni unyayo wa mtu mmoja kwa hekta za kidunia. Zote ni takriban.

Burundi: 250, 0.7
Tanzania: 1,200, 1.2
Kenya: 2,100; 1.0
India: 2,400, 1.1
China: 12,700, 3.7
Costa Rica: 13,000, 2.6
Ujerumani: 49,000, 4.6
Marekani: 77,000; 7.5
Qatar: 88,000, 13
Norway: 108,000, 5.6

Pato liwe kwenye mhimili wa mlalo. Ikiwa nafasi zitakuwa sawa kwa kila dola 10,000, nchi nne za kwanza zitarundikana kwenye kona moja zisionekane. Kwa kidato cha tatu na cha nne tumia mhimili ambao kila hatua inazidisha kwa kumi: 100, 1,000, 10,000, 100,000. Kwa kidato cha pili chora grafu mbili, moja ya nchi zilizo chini ya dola 5,000 na nyingine ya zilizo juu. Kisha wachore mstari mwekundu wa mlalo kwenye 1.5.

Watakachokiona kwanza ni kwamba kipato kikipanda unyayo nao hupanda, na kwamba nchi zote zilizo chini ya mstari mwekundu ni zile zenye kipato kidogo. Mwalimu asiishie hapo, kwani kuishia hapo ni kufundisha kwamba maendeleo na uharibifu ni kitu kimoja. Somo lenyewe liko katika jozi za nchi zinazokaribiana kwa kipato na kuachana kwa unyayo.

Chukua Qatar na Norway. Zote zimetajirika kwa mafuta na gesi, na Norway ina kipato kikubwa zaidi, lakini unyayo wa Qatar ni zaidi ya mara mbili. Qatar iko jangwani: maji ya kunywa hutolewa baharini na kuondolewa chumvi kwa nishati nyingi, nyumba hupozwa kwa viyoyozi karibu mwaka mzima, umeme unatokana na gesi, na chakula kingi kinaagizwa. Norway hupata karibu umeme wake wote kutokana na maporomoko ya maji. Wanafunzi wenye ndugu Oman au kwingine Ghuba wanaweza kueleza maisha ya huko vizuri kuliko kitabu, wakipewa nafasi. Hata hivyo usiiache Norway ikaonekana safi kuliko ilivyo: mafuta inayoyauza yanachomwa nchi nyingine na kuandikwa kwa wengine, na mwanafunzi anayekumbuka kanuni ya mlaji anapaswa kuligundua hilo mwenyewe.

Marekani na Ujerumani ni jozi ya pili. Hapa vipato havikaribiani sana, kwa hiyo sehemu ya tofauti ni kipato chenyewe, na sehemu nyingine inatokana na jinsi miji ilivyopangwa: nyumba kubwa zilizotawanyika na magari makubwa upande mmoja, miji iliyosongamana zaidi na treni upande wa pili. Ni jozi inayofaa sana kwa wanafunzi wa Dar es Salaam na Nairobi, kwa sababu miji yao inakua sasa hivi na barabara, reli na mabasi ya mwendokasi yanaamuliwa katika kizazi chao.

Jozi ninayoithamini kuliko zote ni Costa Rica na China, zenye kipato kinachokaribiana. Misitu ya Costa Rica, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, ilifyekwa hadi ikabaki takriban robo ya nchi katika miaka ya 1980. Leo misitu imefunika zaidi ya nusu. Tangu 1997 serikali huwalipa wenye ardhi wanaotunza misitu, kwa fedha zinazotokana kwa sehemu na kodi ya mafuta ya magari. Umeme wake karibu wote ni wa maji, jotoardhi na upepo. Umri wa kuishi ni takriban miaka 80, haupungui ule wa Marekani, kwa kipato kilicho chini ya moja ya tano na unyayo wa theluthi moja. Mwanafunzi akiuliza kama jambo hili linawezekana Afrika, mwonyeshe jotoardhi ya Olkaria nchini Kenya na bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115.

Darasa likiwa na nguvu, ongeza jozi ya uwezo wa ardhi. Kenya ina unyayo mdogo, lakini uwezo wa ardhi yake ni takriban nusu hekta kwa mtu, kwa hiyo iko katika upungufu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye msitu mkubwa, ina uwezo unaozidi matumizi ya watu wake maradufu na zaidi, na bado wengi wao ni maskini. Maliasili ya nchi na kipato cha wananchi si kitu kimoja, na Kongo inalionyesha hilo kwa uchungu, ikiwa pia ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia kwa ajili ya betri za watu wengine.

Hatua ya nne: familia nne za kubuni

Usiwaombe wanafunzi wataje nyumbani kwao wanapikia nini, wanakula nyama mara ngapi au wana magari mangapi. Ni maswali yanayomwaibisha mtoto mbele ya wenzake, na mazoezi mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya shule za nchi tajiri huyauliza bila kufikiri. Tumia familia za kubuni.

Familia ya kwanza inalima ekari tatu Kasulu, inapikia kuni na ina baiskeli. Ya pili imepanga vyumba viwili Mbagala, inapikia mkaa, inasafiri kwa daladala na kuvaa mitumba. Ya tatu inaishi Masaki, ina magari mawili, viyoyozi vitatu, inakula nyama ya ng'ombe karibu kila siku na hupanda ndege kwenda Dubai kila mwaka. Ya nne inaishi kitongoji cha Houston, Texas. Makundi yapange familia hizo kwa ukubwa wa unyayo, na kwa kila moja yataje ni mafungu gani kati ya yale sita yanayoongoza. Kisha wafungue daftari walimoandika makisio ya viwanja kumi na kuyasahihisha.

Watakachopaswa kukifikia ni kwamba familia ya Masaki imekaribiana na ya Houston kuliko inavyokaribiana na ya Mbagala, iliyo umbali wa safari moja ya daladala. Mipaka ya nchi haielezi kila kitu.

Familia ya Mbagala inastahili hesabu ya peke yake, kwa kuwa mkaa ni jambo ambalo wanafunzi wetu wanalijua. Tanuri la asili la udongo hutumia takriban kilo 6 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Tuseme familia inatumia gunia la kilo 50 kwa mwezi: kwa mwaka ni kilo 600 za mkaa, sawa na kuni kilo 3,600 hadi 6,000. Wakimaliza hesabu hiyo, wajadili kipi kinawezekana kwa familia yenye kipato hicho: jiko banifu, tanuri bora, gesi, au umeme. Tanzania ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa kitaifa unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Waulize mtungi wa gesi unajazwa kwa shilingi ngapi mtaani kwao na kama familia hiyo inaweza kuimudu bei hiyo kwa mkupuo mmoja, wakati mkaa unanunuliwa kwa kopo.

Hatua ya tano: mjadala na maswali magumu

Maswali matatu hujitokeza karibu kila darasa, na mwalimu asiyejiandaa atayajibu kwa mahubiri.

La kwanza: tatizo si wingi wa watu? Mwanafunzi huyu asinyamazishwe, kwa sababu ana sehemu ya ukweli. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Ardhi ni ileile, na fungu la kila mtu limegawanywa kwa tano. Ugomvi wa wakulima na wafugaji unaosikika redioni una mzizi hapo. Lakini miraba 57 ya karatasi ya akiba haikutokana na Afrika kuongezeka: hata kama kundi la Afrika lingeondolewa darasani na miraba yake yote 12, mahitaji yangebaki 120 kwa dunia yenye 75. Mwache afanye utoaji huo mwenyewe ubaoni.

La pili: wao walitajirika kwa kuchoma makaa ya mawe, kwa nini sisi tukatazwe? Ni swali la haki, na nadhani mwalimu anapaswa kukiri waziwazi kwamba ni la haki. Nchi zenye unyayo wa hekta 1 hazina deni sawa na zenye hekta 7. Halafu aligeuze swali: kati ya njia ya Qatar na njia ya Costa Rica, ni ipi ambayo nchi isiyo na gesi nyingi wala fedha nyingi inaweza kuimudu? Hapo mwanafunzi anaacha kujadili ruhusa na kuanza kujadili chaguo.

La tatu huulizwa kwa sauti ya chini: basi umaskini ndio unaotunza mazingira? Jibu ni hapana, na litolewe bila kuzungushwa. Unyayo wa Burundi ni mdogo kwa sababu watu wanakosa chakula cha kutosha, umeme na hospitali. Hakuna sifa katika hilo. Ndiyo maana unyayo usisomwe kamwe peke yake. Uambatanishe na Kielelezo cha Maendeleo ya Binadamu, kilichoasisiwa mwaka 1990 na Mahbub ul Haq akisaidiana na Amartya Sen, ambacho kinapima umri wa kuishi, elimu na kipato kwa namba moja kati ya 0 na 1. Nchi yenye kielelezo cha juu ya 0.7 na unyayo wa chini ya 1.5 ni adimu sana. Sri Lanka ni miongoni mwa chache zinazokaribia. Mwaka 2020, shughuli ziliposimama kwa ajili ya Covid-19, unyayo wa dunia ulishuka, na watu walipoteza kazi na ndugu. Waulize wanafunzi kama hiyo ndiyo namna wanayotaka unyayo upungue.

Katika kipindi hikihiki taja mipaka ya kipimo. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita haimo katika unyayo. Plastiki inayoziba mifereji haimo, ingawa Kenya ilipiga marufuku mifuko yake mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019 kwa sababu nzuri. Uhaba wa maji haupimwi moja kwa moja. Kipimo kizuri hakiharibiki kwa kutajwa kasoro zake, na mwanafunzi anayezijua kasoro hizo atakitumia kwa uangalifu zaidi.

Hatua ya sita: kupima kilichoeleweka

Anza na hesabu. Siku ambayo dunia inamaliza fungu lake la mwaka hupatikana kwa kugawanya uwezo kwa matumizi na kuzidisha kwa 365. Kwa miraba ya darasani, 75 gawanya kwa 132 zidisha kwa 365 ni takriban siku ya 207, yaani tarehe 26 Julai. Siku iliyotangazwa kwa mwaka 2025 ilikuwa 24 Julai, na kwa mwaka 2020 ilikuwa 22 Agosti. Kisha wakokotoe kana kwamba dunia yote inaishi kama Marekani: 1.5 gawanya kwa 7.5 zidisha kwa 365 ni siku ya 73, tarehe 14 Machi. Wafanye hivyo kwa Tanzania, na waeleze kwa sentensi mbili kwa nini jibu linazidi 365.

Swali la insha liwe hili: "Chagua nchi mbili zenye kipato kinachokaribiana na nyayo zinazotofautiana. Eleza sababu tatu za tofauti hiyo, na useme ni ipi kati ya hizo inayoweza kubadilishwa na sera ya serikali ndani ya miaka kumi." Katika kusahihisha, toa alama nyingi kwa sababu zinazotaja fungu mahususi la unyayo, alama za kutosha kwa matumizi sahihi ya namba na kanuni ya mlaji, na chache kwa maelezo ya jumla kama vile "watu wapande miti". Jibu linalolaumu nchi nzima bila kugawanya kwa idadi ya watu lirudishwe lisahihishwe.

Karatasi mbili za manila zihifadhiwe ofisini. Takwimu za pato na unyayo hutolewa upya na husahihishwa hata kwa miaka iliyopita, kwa hiyo kabla ya kulirudia somo mwaka unaofuata, mwalimu azipitie namba za nchi kumi na kuzibadilisha zote kwa pamoja kutoka toleo moja, badala ya kuchanganya namba za miaka tofauti.